Nyaya Mbili Zafungwa Kuwa Moja, Lakini Kadi ni Ile Ile

Sisi wa ofisi ya uhusiano tuna deni kwa wasomaji wetu, nasi leo twataka kulilipa. Mwaka jana, katika taarifa tuliyoiandika kwa kalamu yetu wenyewe na kuisambaza vikosini, tulitangaza kwamba mawasiliano ya jengo letu la mitambo sasa "hayakatiki". Neno hilo tulilipenda mno, hata tukaliweka katika kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Wiki tatu baadaye, usiku wa mvua, mawasiliano yale yalikatika kwa muda wa dakika 40.

Katika dakika hizo askari polisi wa kizuizi kimoja cha barabarani walikuwa wamesimamisha gari dogo jeupe ambalo namba zake ziliwatia shaka. Waliuliza makao makuu, makao makuu yakauliza mtambo, mtambo ukanyamaza. Askari hawezi kumzuia raia usiku kucha kwa sababu tu mashine haijibu. Baada ya nusu saa na ushei gari liliachiwa, likaenda zake. Lilikuwa la nani, hata leo hakuna ajuaye.

Asubuhi yake tulikwenda chumba cha mitambo, tukiwa na taarifa yetu mkononi na haya usoni. Sajini wa mawasiliano, kijana mtaratibu ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, alitukaribisha kiti kisha akasema: "Afande, waya haukukatika hata mmoja. Nyaya zote mbili zilikuwa nzima."

Ili maneno hayo yaeleweke, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, tueleze kilichokuwa kimefanyika katika chumba kile na kwa nini sisi tulikisifu.

Kufunga nyaya mbili au zaidi zitumike kama waya mmoja si jambo jipya. Katika mwaka 1994, kwenye kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, NASA, wataalamu Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za bei ya kawaida zifanye kazi pamoja mfano wa mtambo mmoja mkubwa. Mtambo huo waliupa jina la Beowulf. Mtandao waliokuwa nao ulipitisha megabiti 10 tu kwa sekunde, na prosesa za kompyuta zile zilikuwa na mbio kuliko waya uliozihudumia. Ndipo Becker alipotunga programu ya kugawa safari za habari katika nyaya zaidi ya moja. Ile kazi yake ndiyo chimbuko la programu ya kufunga nyaya iliyomo hata leo katika kiini cha Linux, programu kuu inayoendesha seva nyingi za ulimwengu huu.

Mwaka 2000 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa kanuni yenye namba 802.3ad, ambayo mwaka 2008 ilihamishiwa katika kanuni nyingine, 802.1AX. Kwa kanuni hiyo seva na swichi ya mtandao hupeana salamu katika kila waya wa fungu. Salamu huenda kila baada ya sekunde 30, au kila sekunde 1 kama fundi amechagua mwendo wa haraka. Ukipita muda wa salamu tatu bila kusikika neno kutoka upande wa pili, waya ule huondolewa katika fungu. Kwa hiyo anayetumia mwendo wa polepole huweza kukaa sekunde 90 akipeleka habari zake kwa maiti. Katika kazi yetu sekunde 90 ni muda mrefu. Ni kweli kwamba waya ukikatwa kabisa seva haingoji salamu, kwani huona taa ya mlango imezimika. Lakini hata hilo hutaka mtu aliyeagiza mlango uangaliwe. Katika programu ya Linux ipo namba ya kuweka, ambayo kwa kawaida huwa milisekunde 100, yaani mlango ukaguliwe mara 10 kwa sekunde. Namba hiyo ikiwa sifuri, na pasiwekwe njia nyingine ya ukaguzi, waya waweza kufa na seva isiwe na habari. Ni sawa na kujenga kibanda cha mlinzi pasipo kumpanga mlinzi.

Hapa tungependa kuondoa kosa moja ambalo hata maofisa huwa nalo. Mtu akisikia nyaya mbili za gigabiti 25 zimefungwa pamoja hudhani amepata barabara moja ya gigabiti 50. Sivyo. Fikiri platuni nyingi zinavuka mto wenye madaraja mawili. Kamanda haruhusu askari wa platuni moja kugawanyika, nusu huku na nusu kule, maana watatokea ng'ambo wamechanganyika na hakuna atakayejua nani alimtangulia nani. Platuni nzima hupita daraja moja, na platuni nyingine hupewa daraja la pili. Ndivyo ifanyavyo programu hii. Huchukua anwani ya anayetuma, anwani ya anayepokea na namba za milango yao, huzipiga hesabu, na jibu ndilo linaloamua waya. Mazungumzo yote ya watu wawili hupita waya mmoja mwanzo hadi mwisho, wala hayapati kasi kupita waya huo. Faida ya kasi huonekana pale tu panapokuwa na mazungumzo mengi. Faida ya usalama, kwamba waya mmoja ukikatika mwingine utabeba, hiyo ni ya wote, nayo ndiyo tuliyoitaka.

Basi mpaka hapo kazi yote ilifanywa na prosesa, bongo la seva. Je, kwa nini ipewe kadi?

Sababu ya kwanza ni hesabu. Waya wa gigabiti 100 ukijazwa pakiti ndogo kabisa zinazokubalika huweza kuleta pakiti zaidi ya milioni 148 kwa sekunde moja. Maana yake ni kwamba kati ya pakiti na pakiti kuna nanosekunde 6.72, na nanosekunde moja ni sehemu moja ya sekunde iliyokatwa vipande bilioni moja. Prosesa ya gigahezi 3 hupata mapigo kama 20 katika muda huo. Mapigo 20 hayatoshi hata kwenda kuchota neno moja katika kumbukumbu ya mashine na kurudi. Seva yaweza kutenga sehemu kadhaa za bongo lake zisifanye kazi nyingine ila kugawa pakiti, lakini hapo utakuwa umenunua mpishi hodari ukamweka langoni afungue na kufunga.

Makampuni makubwa yaliliona hilo mapema. Microsoft, kwa mfano, ilianza mwaka 2015 kuweka katika seva zake mpya kadi za mtandao zenye uwezo wa kufanya kazi zenyewe, na mwaka 2018 wahandisi wake walieleza hadharani kwamba kadi hizo zimekwisha kuwekwa katika mashine zaidi ya milioni moja. Kadi za namna hiyo huitwa kadi zenye akili. Jina hilo lina kiburi kidogo, kama majina mengi ya biashara. Lakini ni kweli kwamba ndani yake mna swichi ndogo kamili, yenye majedwali ya amri na uwezo wa kupanga pakiti bila kumwuliza mtu.

Sababu ya pili ndiyo iliyotuhusu sisi. Seva moja ya siku hizi hubeba ndani yake mashine pepe nyingi, yaani kompyuta zisizo na mwili, ambazo kila moja hujiona iko peke yake. Katika jengo letu seva moja ilibeba mashine pepe ya kumbukumbu za magari, nyingine ya barua za vikosi, nyingine ya picha, na kadhalika. Mwaka 2007 ilitolewa kanuni inayoiwezesha kadi moja ya mtandao kujigawa katika milango mingi, ili kila mashine pepe ipewe mlango wake na kuzungumza na kadi moja kwa moja, pasipo kupitia kiini cha Linux cha seva. Mbio zake ni kubwa ajabu. Lakini tazameni lililozaliwa hapo: programu ya kufunga nyaya inakaa katika kiini, nazo pakiti hazipiti tena kiini! Mlinzi yuko lango la mbele, wageni wanapita lango la uani. Mashine pepe iliyopewa mlango wa waya wa kwanza hubaki na waya wa kwanza. Waya huo ukikatika, fungu la seva litakuwa hai na mashine pepe itakuwa imekufa.

Dawa ni kuifundisha kadi yenyewe habari za fungu. Katika kadi za Mellanox, kampuni ya Israeli ambayo mwaka 2020 ilinunuliwa na NVIDIA ya Marekani, kazi hugawanywa hivi. Kiini cha Linux hubaki na madaraka. Ndicho kinachopokea salamu za swichi, ndicho kinachokagua milango, ndicho kinachoamua waya upi uko kazini. Kila uamuzi unapobadilika, programu inayoendesha kadi hupata habari na kuiandikia kadi ramani mpya: mlango wa kwanza utoke kwa waya wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Waya wa kwanza ukifa, ramani huandikwa upya kwamba mlango wa kwanza na wa pili yote itoke kwa waya wa pili. Kadi hutekeleza kwa kila pakiti, milioni baada ya milioni, bila kuliamsha bongo. Mashine pepe haijui kilichotokea. Yenyewe inao mlango mmoja tu, na mlango haujafungwa. Kwa lugha ya kambini, amri hutoka makao makuu mara moja, na askari wa mstari wa mbele huitekeleza pasipo kurudi kuuliza kila adui anapotokea.

Hayo ndiyo Sajini aliyotuonyesha mwaka jana. Alituambia, "Ng'oa wewe mwenyewe, Afande," nasi tukang'oa waya mmoja kwa mkono wetu, wakati maofisa walikuwa katikati ya mkutano wa picha na mkoa wa mbali. Hakuna aliyeona. Mzungumzaji hakukatika sentensi. Kwenye daftari la matukio la seva ukaongezeka mstari mmoja mfupi wa ramani mpya, basi. Tulirudi ofisini tukiwa tumelewa kwa furaha, tukaandika lile neno letu.

Sasa turudi kwenye usiku wa mvua. Feni ya seva ilichoka, joto likapanda, kadi ikajizima. Nyaya mbili zilikuwa nzima, swichi mbili zilikuwa nzima, salamu hazikuwa na mahali pa kufikia. Nyaya zote mbili zilichomekwa katika kadi moja.

"Kwa nini kadi moja?" tuliuliza, na twakiri kwamba sauti yetu haikuwa ya upole.

"Kwa sababu hiyo kazi haifanyiki kwa kadi mbili, Afande," alijibu Sajini. "Ramani iko ndani ya kadi. Kadi hii haiwezi kutoa pakiti kwa mlango wa kadi ile."

Huo ndio ukweli tulioukosa katika taarifa yetu. Kadi za aina tuliyonayo hukubali kutwaa kazi ya fungu endapo milango yote miwili ni ya kadi ile ile. Seva ikifunga nyaya kwa programu yake yenyewe, kwa njia ya zamani, yaweza kuchukua waya mmoja kutoka kadi hii na wa pili kutoka kadi ile, na kadi moja ikifa hakuna neno. Ukiitaka mbio ya kadi, huna budi kuweka mayai yote katika kapu moja. Tulikuwa tumejikinga na kifo cha waya, tukalipa kwa kujianika mbele ya kifo cha kadi. Na mlipaji hakuwa na habari kwamba analipa.

Yako masharti mengine pia, ambayo mafundi wa vikosi watanufaika kuyajua. Fungu liwe la aina ambayo kadi inaifahamu: ama waya mmoja kazini na mwingine akiba, ama ugawaji kwa hesabu ya anwani, ama fungu la salamu za kanuni ya IEEE. Ule mtindo wa kutupa pakiti moja huku na ya pili kule kwa zamu haukubaliwi. Kadi iwekwe kwanza katika hali ya swichi, milango yote miwili, kisha ndipo nyaya zifungwe na mashine pepe zikabidhiwe milango yake. Atakayeanzia mwisho atahangaika mchana kutwa. Tena fundi asitosheke kuona fungu la seva linafanya kazi, maana fungu hilo laweza kufanya kazi vizuri kwa programu huku kadi imekataa mzigo. Dalili ya kukataa huenda ikawa ni mstari mmoja tu katika daftari la matukio, na mistari ya daftari hilo ni mingi kama mchanga. Njia ya hakika ni kung'oa waya na kuitazama mashine pepe, siyo kuitazama seva.

Kuna na jambo la swichi. Nyaya mbili zikienda katika swichi moja, swichi ikizimika zote zimekwenda. Zikienda katika swichi mbili, fungu la salamu hutaka swichi hizo zijifanye kuwa moja, kazi ambayo si kila swichi inaiweza. La sivyo fundi achague mtindo wa waya wa akiba, ambao hauhitaji swichi kujua lolote.

Na nje ya jengo? Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku hiyo hiyo karibu na pwani ya Afrika ya Kusini. Nchi nyingi za upande wetu wa Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, ziliona mtandao ukizorota au kutoweka. Zilikuwa nyaya mbili, za makampuni mbalimbali, zenye majina mbalimbali. Lakini hapo zilipita karibu karibu. Tunataja habari hiyo kwa sababu baada ya aibu yetu tulitembea kwa miguu kuzunguka jengo la mitambo, tukakuta kwamba nyaya zetu mbili zinazokwenda mkoani zimelazwa katika mtaro mmoja, na mita chache kutoka hapo tingatinga lilikuwa likichimba msingi wa nyumba.

Nini kimefanyika? Kulikuwa na mabishano, tena makali. Wako waliotaka kazi ya fungu irudishwe kwa prosesa katika seva zote, na kila seva iwekewe kadi mbili. Wako waliosema kwamba seva ya picha na mikutano haitaweza kuishi hivyo, nasi tuliokwisha kuiona ikihema siku za nyuma tulikuwa upande wao. Kulikuwa na shauri la tatu, kwamba mashine pepe yenyewe ipewe milango miwili kutoka kadi mbili na ijifungie nyaya kwa ndani. Hilo linawezekana, ila linamtaka kila mwenye mashine pepe awe fundi wa mtandao, na wengi wao si mafundi.

Uamuzi uliotolewa tunauona kuwa wa busara. Maswali ya namba za magari ni madogo, machache, mepesi. Hayahitaji mbio ya kadi hata kidogo. Kumbukumbu za magari zimehamishiwa seva yenye kadi mbili, zilizofungwa kwa programu ya Linux kwa mtindo wa akiba, kila kadi na swichi yake. Seva ya picha na mikutano imeachiwa kadi yake yenye akili na fungu lake, na pembeni yake imewekwa seva ya pili, yenye kadi ya pili, inayongoja. Feni zote zimebadilishwa. Mtaro wa pili umechimbwa upande wa mashariki wa jengo, na askari wa ujenzi walioufanya kwa siku nne katika udongo ule wa mvua wanastahili kutajwa hapa, ingawa wenyewe hawakuomba.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, Sajini huzima kadi moja nzima bila kumwarifu mtu. Mara ya kwanza tulikuwa tumeketi katika dawati la kukagulia magari, saa mkononi. Askari wa zamu aliuliza namba, akajibiwa, akauliza nyingine, akajibiwa. Mara ya tatu jibu lilichelewa kidogo, naye akagonga meza kwa kidole kama afanyavyo kila siku mtandao ukiwa mzito. Kisha likaja.

Nakala za taarifa ya mwaka jana zilizobaki ofisini tumezipitia moja moja. Neno "hayakatiki" tumelifuta kwa wino, na mahali pake tumeandika namba ya simu ya chumba cha mitambo.